Samaki wa Mlimani na Kanga ya Bibi

Enzi zetu sisi tuliokulia milimani Usambara, mwaka haukuanza Januari. Januari ilikuwa ya mwalimu na kalenda yake ya ukutani. Mwaka wetu ulianza pale mipichi ilipochanua maua ya rangi ya waridi, kabla hata haijaota majani, na ule ukungu wa kipupwe uliotukalia kichwani miezi mizima ukaanza kuondoka asubuhi badala ya adhuhuri. Watu wa pwani majira hayo wanayaita demani. Kwetu nyumbani nasi tuliyaita demani, ingawa bahari ilikuwa mbali huko chini, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa Moa, kule pwani ya Tanga, na alikuja mlimani na maneno yake yote.

Wenzangu wa rika langu, tuliobaki, mtakumbuka baridi ile. Tulikwenda shule miguu mitupu, umande ukituchoma kama siafu, na tukifika tulipanga mstari kwenye ukuta wa mashariki tuote jua kidogo kabla kengele haijagongwa. Tuliandika kwenye vibao vya mawe, na ukikosea ulifuta kwa mate na kiwiko, mwalimu akigeuka tu. Jioni tuliteleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba, tukashuka kwa kelele mpaka kwenye bonde la viazi, na kila aliyechana nguo alijua kinachomsubiri nyumbani. Leo mjukuu wangu akitembea kutoka sebuleni hadi getini anasema amefanya mazoezi, na saa yake ya mkononi inampongeza.

Lakini nataka kuwasimulia habari ya mto. Ulipita chini ya kijiji chetu, na hatukuwahi kuuita jina lolote zaidi ya Mto, kwa kuwa hatukuwa na mwingine. Maji yake yalikuwa ya baridi kiasi kwamba ukiyanywa meno yanakuuma mpaka kwenye masikio. Wakati wa masika yalikuwa mekundu na yenye hasira, hakuna aliyeyasogelea. Ikifika demani yalipungua, yakatakata, ukaweza kuhesabu kokoto chini. Hapo ndipo tulipowaona samaki wa madoa. Wazungu waliwaita trauti, nao ndio waliowaleta na kuwamwaga mtoni miaka ya nyuma, kabla sisi hatujazaliwa. Walikuwa na madoa ubavuni kama chui mdogo, na walikaa wamesimama majini, vichwa vimeelekea kule maji yanakotoka, wakitikisa mkia kidogo tu. Ukiinua mkono, hawapo. Sisi watoto tuliwatazama tu, maana ilijulikana kwamba samaki wale wana wenyewe.

Baba yangu alikuwa seremala, Msambaa aliyezaliwa na kukulia mawinguni. Ujanani alishuka Tanga mjini kutafuta kazi, akapata kazi, akapata na mke. Mama alitoka katika ukoo wa wavuvi. Wanaume wa kwao walikwenda baharini, na wanawake walitanda: waliingia majini mpaka kiunoni, wawili wawili, wakashika kanga au shuka kwa pembe zake, wakaizamisha na kuinua dagaa. Binti wa watu kama hao akachukuliwa kupelekwa mahali ambapo kitoweo ni maharage, na siku ya sikukuu ni maharage yenye nyama. Bibi, mama yake mama, hakuwahi kuusahau msiba huo.

Nilipokuwa darasa la pili mama alijifungua mdogo wangu Hamisi, na Bibi akaja kumlea mzazi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda kwetu. Alitoka Moa mpaka Tanga, akapanda treni hadi Mombo, kutoka Mombo akapandishwa na basi kwenye ile barabara ya kona, na aliposhuka alishika nguzo ya duka kwa muda mrefu, macho amefumba. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Aliyeichimba njia hii alikuwa anamkimbia nani?" Majirani walikuja kumwamkia kwa Kisambaa, "Onga makeo," naye hakuelewa hata herufi moja, akawa anawajibu wote, "Marahaba, marahaba," hata wale waliomzidi umri.

Nilimpenda tangu saa ile. Alinukia karafuu na moshi wa kuni za mikoko. Aliniita mke mwenzie, akaniambia nimemwibia mume, yaani marehemu babu, ambaye mimi sikuwahi hata kumwona. Usiku tulilala kitanda kimoja, na miguu yake ilikuwa na baridi kama chura. Alikuwa amebeba nazi, ndimu, na kikapu kizima cha ng'onda, wale samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa juani, ili mwanawe ale samaki arobaini yote.

Sasa nieleze jambo moja ambalo vijana wa leo hawatalielewa. Enzi zile mkwe alikuwa mkwe. Baba na Bibi hawakutazamana usoni, hawakula pamoja, wala hawakusemezana. Baba akiwa ukumbini, Bibi alikaa uani. Bibi akitaka kupita, alikohoa kwanza, baba akajipotezea nyuma ya nyumba na randa yake mkononi. Na kama lilikuwapo la kusema, lilipita kwangu. Bibi alisema, "Mwambie babako kuni zimekwisha," na baba yuko nyuma ya mlango, amesikia kila neno. Lakini hakusogea mpaka mimi nizunguke nimfikie na kumwambia, "Baba, Bibi anasema kuni zimekwisha." Naye alinijibu kwa sauti ya kutosha, "Mwambie bibi yako nakwenda kuleta." Nikarudi. Bibi alinisikiliza kwa makini kabisa, kama mtu anayepokea habari kutoka ng'ambo.

Kazi ile niliipenda kupita kiasi. Niliifanya kwa adabu, na mahali ambapo maneno yalikuwa na miiba, niliipunguza njiani.

Basi ng'onda. Kila asubuhi Bibi aliwaanika juu ya paa la jiko, kama alivyofanya maisha yake yote huko Moa ambako jua halina mchezo. Kwetu kipupwe kilikuwa hakijaisha vizuri. Ukungu uliwashukia wale samaki ukawalowanisha, akawaanua, akawaanika tena kesho, ukawalowanisha tena. Majirani walimshauri awaweke ndani juu ya moshi, lakini Bibi hakuelewa Kisambaa, na hata angeelewa asingekubali kufundishwa ng'onda na wakulima wa viazi. Haikupita wiki wakaota ukungu wa kijani. Bibi aliwatazama, akawainua mmoja mmoja, akawatupa shimoni. Nilimwona akifuta machozi kwa pindo la kanga. "Nchi gani hino," alisema, "jua lenyewe halikaushi samaki?"

Tangu siku hiyo mambo yalibadilika. Mama alikuwa amekonda. Maharage yalimtia kichefuchefu, mchicha ulimkinaisha, na Hamisi alilia usiku kwa sababu maziwa yalikuwa machache. Siku moja baada ya chakula cha mchana Bibi akatoa hukumu yake, na akaitoa kwa sauti iliyofika mpaka kwenye karakana ya baba.

"Mke mwenzangu, mwambie babako mwanangu ananifia hapa kwa kukosa kitoweo. Arobaini ikitimia nashuka naye Moa, yeye na mtoto. Atakaa kwetu mpaka mtoto ashike njia."

Nilisimama pale mguu mmoja mbele. Mimi ningebaki kwa ajili ya shule, hilo nilijua. Na nilijua kitu kingine. Mke wa jirani yetu mmoja aliwahi kushuka kwao kwa uzazi, akaambiwa asubiri apate nguvu, akasubiri, mpaka talaka ikafuatia. Watoto wake walikuwa wakija kwetu jioni kukaa karibu na mama, bila kuomba kitu. Nilimtazama mama, nikingoja apinge. Mama aliinamisha uso akamnyonyesha Hamisi. Alikuwa amechoka, na huyu alikuwa mama yake.

Nilizunguka nyuma. Baba alikuwa ameshika randa lakini haisogei. Sikuweza kusema, na yeye hakunilazimisha niseme. Kubishana na mkwe ilikuwa haiwezekani, hata kwa kupitia kwa mtoto. Aliiweka randa juu ya meza. Halafu akasema, "Mwambie bibi yako, huku nako samaki wapo."

Nilikimbia. Bibi alicheka kicheko kifupi cha puani. "Wako wapi? Mwambie awalete chunguni niwaone. Akinipatia samaki wa kumshibisha mzazi, kutoka hapa hapa kwenye nchi yake ya ukungu, mwanangu namwacha. Lakini nitakwenda mwenyewe nikamwone akivuliwa. Nisije nikaletewa kitu cha sokoni."

Baba alikwenda kwa mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba kando ya mto, ambaye baba aliwahi kumtengenezea madirisha, akaomba ruhusa. Mzee akamruhusu kuvua kwenye kidimbwi kimoja chini ya daraja la miti, kwa ndoana tu, si kwa wavu, na akamwazima mshipi na ndoana. Fimbo baba aliikata mwenyewe, mwanzi mzuri, akaupiga msasa mpaka ukang'aa. Seremala ni seremala. Kuvua, hata hivyo, hakuwahi kuvua maisha yake yote.

Siku ya kwenda, jirani alibaki na mama, sisi tukashuka bondeni. Baba alitangulia mbali, mimi katikati, Bibi nyuma akishikilia majani ya kando ya njia na kulaani mteremko. Ilikuwa asubuhi ya demani hasa, maua ya mipichi yameanguka njiani, nyuki wanavuma, na mto unang'aa. Baba alisimama ukingoni. Bibi alikaa nyuma ya kichaka cha matete, mahali ambapo angeona maji bila kumwona mkwewe, ingawa alimwona, na mimi nikawekwa katikati tayari kwa kazi.

Baba alitupa ndoana kwa nguvu za kupigilia msumari. Maji yaliruka, samaki wote wakatoweka.

"Mwambie babako," Bibi akasema, "anavua au anapasua gogo?"

Nilikwenda. "Baba, Bibi anasema upunguze nguvu kidogo."

"Mwambie bibi yako asante."

Alipunguza nguvu. Samaki walirudi mmoja mmoja, wakaja mpaka karibu na chambo, kisha wakakimbia tena. Jua lilikuwa mgongoni kwa baba, na kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya maji kizima, na kofia yake.

"Mwambie babako na kofia yake watoke kwenye maji! Samaki ana macho. Hata wa Moa ana macho."

"Baba, Bibi anaomba uhame upande wa pili, kuna jua zuri."

Nilimwona baba akijizuia kucheka. Alikuwa akisikia yote, umbali haukufika hatua ishirini. Lakini alisubiri kila mara nifike, akaniinamia, akanisikiliza, akajibu kwa heshima. Akahama. Nyungunyungu akaliwa, akaweka mwingine. Akaliwa huyo. Akaweka panzi. Jua likapanda, Bibi akaacha kunituma, na hilo lilinitisha kuliko maneno yake. Nilianza kuona kitanda chetu bila mama. Nilikuwa nikisali kimoyomoyo sala zote nilizofundishwa chuo cha Kurani, hata ile ya kuingia msalani, ilimradi Mungu asikie kitu kutoka kwangu.

Ndipo mwanzi ukapinda.

Ulipinda mpaka ncha ikagusa maji. Baba alipiga kelele kwa Kisambaa, akarudi nyuma, akateleza, akaingia mtoni mpaka mapajani bila kuuachia mwanzi. Samaki akaruka juu, nikamwona mzima, mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwaona, ubavu wake una wekundu kama wa maua ya mipichi. Akazama, akavuta kuelekea kwenye mizizi ya mti ulioinama pale. Baba alimrudisha, samaki akaenda tena. Na alipofika karibu na miguu ya baba, kwenye maji mafupi, tuliona sote kwamba ndoana imeshika ngozi nyembamba tu ya mdomo, na inachanika.

Sikumwona Bibi akinyanyuka. Nilichosikia ni matete yakivunjika. Alipita mbele yangu, mwanamke yule aliyeshuka mlimani kwa kushikilia majani, akaingia kwenye maji yale ya barafu kana kwamba anaingia bahari ya kwao, akavua kanga yake ya juu, akaitandaza chini ya maji nyuma ya samaki. Pembe mbili alizishika yeye. Pembe mbili zilikuwa zikielea.

"Shika pindo, baba!" alipiga kelele. "Achia mwanzi! Shika pindo hilo! Inua!"

Baba akaachia mwanzi, akashika pindo, wakainua pamoja. Samaki alianguka katikati ya kanga akajipigapiga, na wao wakabaki wamesimama hivyo mtoni, mkwe na mkwewe, wanatazamana uso kwa uso, wamelowa, kanga imenyooka baina yao. Bibi alikuwa anacheka. Baba naye akacheka. Sikuwahi kumwona baba akicheka kwa mdomo wazi namna ile, na sijui kama nilimwona tena.

Ilidumu kidogo tu. Bibi akakumbuka. Akageuza uso, akashika kichwa chake kisicho na kanga, akatoka majini haraka kurudi nyuma ya matete. Baba akageukia upande wa pili, samaki amemkumbatia kifuani. Nilikaa katikati yao, meno yananigongana kwa furaha, nikisubiri.

Baada ya muda baba akakohoa. "Mwambie bibi yako, Mzungu amekataza wavu."

Nilikwenda nyuma ya matete. Bibi alikuwa anakamua nguo zake. "Mwambie babako," akasema, "hii ni kanga."

Samaki yule Bibi alimpika kwa mikono yake, kwa nazi ya mwisho iliyobaki na ndimu mbili. Nyumba nzima ilinukia Moa. Mama alikaa kitako, akala, akanyonya mpaka miiba, akala na kichwa, jasho likamtoka usoni. Sisi wengine tulionja mchuzi tu. Bibi alionja, akalamba vidole. "Hana bahari ndani yake," akasema. "Lakini ni samaki." Kisha akainua sauti kidogo, maana baba alikuwa ukumbini. "Mke mwenzangu, mwambie babako mwanangu anabaki."

Nilizunguka na habari hiyo huku nalia. Baba alinishika kichwa akasema, "Mwambie bibi yako nimesikia." Kisha akatoka nje, akakaa muda mrefu kwenye giza la karakana.

Kila demani baada ya hapo Bibi alipanda mlima, na kila demani walikwenda mtoni, baba mbele, Bibi nyuma ya matete, mimi katikati. Hawakusemezana tena ana kwa ana. Lile neno moja la mtoni lilitosha.

Leo mimi ndiye mama mkwe. Mkwe wangu ni kijana mwema, simsemi vibaya. Ananipigia simu ya video nikiwa na mswaki mdomoni. Ananiita "mamito". Sote tumo kwenye kundi moja la WhatsApp, ananitumia vikatuni vya paka, na akija ananikumbatia mbele za watu mpaka miwani inapinda. Ananipenda, naona wazi. Lakini nikiwaza, nashindwa kukumbuka hata neno moja aliloniambia mwaka jana. Nao mto wenyewe umepungua, miti ya kando yake imekatwa kupisha kabichi, na watoto wa kijiji nilipowauliza juu ya samaki wa madoa walidhani nawatania.

Bibi alifariki nikiwa nimekwisha kuwa mwanamke mzima. Tulishuka Moa, baba na mimi, mama akiwa ametangulia kumuuguza. Wanawake walikuwa chumbani na maiti, wanaume nje kwenye jamvi. Baba asingeweza kuingia kumwona, alikuwa mkwe hata siku ile. Kabla jeneza halijatolewa aliniita pembeni ya ukuta wa makuti. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Aliniinamia kama zamani, ingawa nilikuwa nimemfikia kimo.

"Mwambie bibi yako," alisema. "Mwambie demani imefika, na samaki wapo."

Niliingia ndani, nikapita katikati ya wanawake, nikapiga magoti. Ujumbe wa baba safari ile haukuwa na mwiba wa kupunguza. Nikamwambia Bibi, neno kwa neno.